Pomboo wa Nungwi na mlio wa manowari

Mazoezi ya wanamaji yakitajwa hapa Mombasa, mjadala huwa ule ule: usalama kwanza, mambo ya nyangumi baadaye. Mimi mwanafunzi wa siasa wa Kiembeni nawauliza, Nungwi mmeisahau?

Aprili 2006, pomboo kama 400 walikutwa wamekufa ufuoni kaskazini mwa Unguja. Wengi walishuku sona ya manowari za Marekani, lakini chanzo hakikuthibitishwa. Basi watetezi wa jeshi huishia hapo, eti hakuna ushahidi.

Sawa, ya Nungwi tuiache. Bahamas je? Machi 2000 nyangumi na wenzao 17 walikwama pwani, na mwaka 2001 ripoti ya serikali ya Marekani, jeshi lao la majini likiwemo, ikakiri kwamba sona ya meli zao ndiyo iliyoelekea zaidi kusababisha. Nyangumi huishi kwa kusikia. Mlio ule humtia kiwewe, akabadilisha namna ya kupiga mbizi, mwili ukadhurika.

Hispania haikuvunja jeshi, ati. Mwaka 2004 ilizuia sona karibu na visiwa vya Canary, na nyangumi hawakukwama tena kwa makundi kama zamani.

Mgombea akija kuomba kura huku pwani, muulizeni: mazoezi yakipangwa, ramani wanaonyeshwa kina nani kabla?