Ndugu wawili chini ya mti

Hapa Nengo ninapoishi, ukishuka mpaka kando ya ziwa unaiona Goma kama vile ungeweza kumwita mtu wa kule akaitika. Jumapili moja tukitoka misani, mzee mmoja alituambia sisi vijana kwamba Injili ililetwa na Mapadre Weupe, waliofungua misioni ya Nyundo mwaka 1901, na kwamba kabla yao Afrika yetu hii haikumjua Kristo. La Nyundo ni kweli. Hilo la pili, mzee wangu, hapana kabisa.

Nitawasimulia habari za Frumentius. Waethiopia wanamwita Abba Salama, na neno hilo halihitaji mkalimani kwetu.

Katika karne ya 4, vijana wawili wa ukoo mmoja, Frumentius na Edesius, walitoka mji wa Tiro, Lebanon ya leo, wakisafiri na jamaa yao Meropius, mwanafalsafa aliyekuwa akiwafundisha. Wakati wa kurudi, meli yao iliingia bandari ya Bahari ya Shamu kutafuta maji na chakula. Mapatano kati ya wenyeji na Warumi yalikuwa yamevunjika, basi waliokuwa melini wakauawa. Wale vijana walikutwa chini ya mti wakitayarisha masomo yao. Wakahurumiwa, wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum, kaskazini mwa Ethiopia. (Mimi nilianza shule Kiziba chini ya shitingi, siyo mti, lakini picha hiyo naijua.)

Mfalme alimfanya Edesius mnyweshaji wake, na Frumentius, aliyekuwa na akili za hesabu, akampa kutunza hazina na barua. Alipokaribia kufa akawaacha huru. Malkia akawasihi: msiondoke, nisaidieni mpaka mwanangu akue. Wakabaki. Miaka hiyo Frumentius aliulizia kama kuna Wakristo kati ya wafanyabiashara waliofika pale, akawatafutia mahali pa kukutania na kusali. Mimi napenda sana sehemu hii. Kanisa la Aksum halikuanza na mtu aliyeshuka na msalaba mkononi. Lilianza na mateka aliyepewa kazi ofisini, na wauza bidhaa waliokuwa mbali na kwao.

Mtoto alipokua, wakaruhusiwa kwenda. Edesius akaharakisha kurudi Tiro kwa wazazi. Frumentius akaenda Alexandria kumwomba askofu Athanasius apeleke mchungaji Aksum. Athanasius akamwambia, kwa ufupi: nani zaidi yako? Akamweka wakfu kuwa askofu, naye akarudi kule alikowahi kuwa mateka.

Ndugu zetu wa mashirika wana fomu yenye swali: utarudi au utabaki? Unaweka alama kwenye kisanduku kimoja. Kaka yangu aliweka alama yake akarudi Masisi. Mimi niliweka ya pili. Mwaka mzima hatukusemezana vizuri. Yeye alisema nimesahau kaburi la baba. Mimi nikamwambia anapenda shamba kuliko watoto wake. Maneno mabaya, yote mawili.

Baadaye ndiyo nikajifunza kwamba habari hizi za Frumentius tumezipata kwa Rufinus, mwandishi wa zama zile, na yeye anasema alizisikia kinywani mwa Edesius mwenyewe, aliyekuwa padre kule Tiro. Yaani aliyerudi ndiye aliyemtunzia jina aliyebaki.

Na kubaki kwenyewe hakukuwa kulala. Sarafu za mfalme Ezana zilikuwa na mwezi na duara. Baadaye zikawa na msalaba, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kuubeba. Kisha kaisari Constantius, aliyegombana na Athanasius juu ya imani, akamwandikia Ezana na ndugu yake Saizana barua: Frumentius arudishwe Alexandria akahojiwe na askofu mpya. Barua hiyo ipo mpaka leo. Lakini kanisa la Ethiopia halikumfuata kaisari. Lilibaki upande wa Athanasius, likaendelea kupokea askofu wake mkuu kutoka Misri karne na karne, mpaka lilipopata patriarki wake lenyewe mwaka 1959.

Ombi la namna hiyo lilikuja tena. Mwaka 615 hivi, wafuasi wa kwanza wa Mtume Muhammad walikimbia mateso ya Makka wakavuka bahari hadi Aksum. Makuraishi wakatuma wajumbe na zawadi: turudishieni watu wetu. Najashi, mfalme Mkristo, akawaita wakimbizi kwanza, akawasikiliza wenyewe, ndipo akarudisha zawadi na kuwaacha watu wakae. Majirani zangu Waislamu hapa mjini wanaijua hadithi hii kuliko mimi. Ila siyo wengi wanaojua kwamba nchi ile ilikwisha kuulizwa hivyo hivyo juu ya mgeni mwingine, karne mbili na zaidi kabla.

Mwezi uliopita nilimsimulia kaka haya yote kwa simu. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Sasa huyo wa Tiro ndiye mimi?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi watoto wako wakiniuliza habari zako, niwaambie nini?"

Nilikuwa bado natafuta jibu unite zikaisha.