Utepe wa Nishani (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Fundi, binti mshona nguo wa soko la Kanyosha, amekuta nishani ndani ya sanduku la baba yake, askari aliyeuawa Leego, Somalia. Mtaa mzima umeshaanza kumwita marehemu shujaa. Fundi ameipeleka kwa Mzee Ajida, mstaafu wa jeshi. Mzee ameitazama bila kuigusa, kisha akauliza: "Nani kawaambia hii ni ya ushujaa?"

SASA ENDELEA...

Fundi hakuwa na jibu. Mchana ule mama yake alikuwa ameshachukua kreti mbili za soda kwa mkopo, ili majirani wa Nyabugete waje wapige picha na nishani. Kreti zile zilimjia kichwani kabla ya baba yake, akajichukia.

"Ni ya utumishi hii," alisema Ajida. "Umekwenda Somalia, umemaliza zamu yako, unavishwa. Mpishi wetu anayo. Hata dereva aliyekuwa akilala chini ya gari anayo."

"Kwa hiyo Baba hakufanya kitu."

"Nimesema hivyo?"

Mzee alisogeza sinia lenye vikombe viwili vya chai, kimoja kimejaa, kingine kimebaki nusu, akajinyoosha kwenye kiti chake cha kamba. Kutoka kibarazani kwake unaliona ziwa lote, na ng'ambo milima ya Kongo. Watoto wa Kanyosha wanamjua: muulize vita vya wengine, atakusimulia mpaka betri za redio ziishe. Muulize vya kwake, atakujibu kwamba aliingia Mogadishu na kikosi cha kwanza cha Burundi Desemba 2007, akarudi 2009, basi.

"Umewahi kumsikia Chitete?"

"Hapana."

"Chancy Chitete, Mmalawi. Askari wa chini kabisa, hana hata alama moja begani. Novemba 2018 walikuwa kwenye misitu ya Beni," akaonyesha kidole milimani, ingawa Beni iko mbali sana kaskazini ya pale alipoonyesha, "wamewafuata waasi wa ADF. Moto ukawa mkali. Mtanzania mmoja, Koplo Ali Khamis Omary, akapigwa, akabaki mahali pa wazi, hawezi kujisogeza. Chitete akamwendea. Hebu fikiri, Fundi. Jeshi si lake, nchi si yake, na huyo mtu si ndugu yake. Akamburuta mpaka kwenye kificho, akaanza kumfunga jeraha. Yumo katika kufunga, akapigwa yeye."

"Akafa?"

"Akafa. Omary akapona."

Fundi aliishika nishani kwa mikono miwili bila kujua.

"Mei 2019 ndugu zake Chitete waliitwa New York. Katibu Mkuu Guterres mwenyewe akawakabidhi Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne. Umoja wa Mataifa hauna nyingine ya ushujaa iliyo juu ya hiyo. Na huyo Diagne mwenyewe unamjua?"

Huyo alimjua kidogo. Nani asiyeijua Kigali ya 1994? Lakini Ajida alimweleza hata hivyo: Msenegali asiye na bunduki, akipita vizuizini na watu aliowaficha garini, akiwalainisha wauaji kwa utani na sigara, mpaka tarehe 31 Mei kombora lilipomkuta kizuizini. Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake Mei 2014. Mjane wake aliipokea 2016.

"Miaka ishirini na miwili!"

"Karatasi haina haraka. Sajini Leakey wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alirukia kifaru cha Waitaliano huko Kolito, Ethiopia, Mei 1941, akafungua mfuniko akampiga risasi kamanda ndani. Alikufa siku hiyo hiyo. Victoria Cross yake ilitangazwa Novemba 1945. Na huyo alikuwa Mzungu wa Kenya! Askari mweusi wa KAR aliyepata Victoria Cross mtafute, hutampata hata mmoja."

Akatema mate pembeni. Hapo mzee alikuwa ameshawaka, na akiwaka lazima afike kwa babu yake. Babu huyo alibebeshwa mizigo ya Wabelgiji walipopita Usumbura mwaka 1916 kwenda kuiteka Tabora. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni, akaitwa Baron Tombeur de Tabora. Babu alirudi na kidonda cha bega. Hadithi hii Kanyosha nzima inaijua kwa moyo, kwa hiyo nami naipita.

"Sasa ili mtu apewe kinahitajika nini?" Fundi aliuliza.

"Shahidi. Mtu aliyeona kwa macho yake, aseme, aandike, atie sahihi. Bila huyo hata ukifa kama simba umekufa tu."

"Na Baba nani alimwona?"

Ajida alikohoa. "Leego, tarehe 26 Juni 2015, alfajiri. Gari la mabomu langoni, halafu Al-Shabaab wakaingia kambini. Atafutwe nani wa kuona?"

"Hakuna aliyetoka hai, Mzee?"

"Mimi nilikuwa hapa hapa nikipalilia mihogo. Utaniuliza nini mimi?"

Aliyasema kwa ukali, na Fundi akainamisha macho kwa adabu. Macho yalitua kwenye utepe.

Mtu mwingine asingeona. Lakini binti huyu anashona sare za shule mwaka mzima, na mshono kwake ni kama sura ya mtu. Upande mmoja wa utepe ulikuwa umeshonwa kwa mashine, mishono midogo iliyolingana. Upande wa pili ulikuwa umefumuliwa ukarudishwa kwa mkono, kwa uzi mweusi mnene wa kushonea viatu. Na katikati palikuwa na kitu kigumu.

Akachomoa wembe kwenye pindo la kitenge.

"Usiharibu kitu cha marehemu!" Ajida aliinua mkono kwa mara ya kwanza jioni ile.

Uzi ulishakatika. Kikatoka kikaratasi kilichokunjwa ndani ya nailoni, si kikubwa kuliko stempu. Tarakimu nane, namba ya simu ya Burundi, na neno moja chini yake: *Aliona.*

Mwandiko haukuwa wa Baba. Baba saba zake alizikata kistari katikati, kama alivyofundishwa shuleni. Saba hizi hazikuwa na kistari. Basi nani aliufumua utepe huu na kuushona tena, na sanduku lilifika nyumbani limefungwa kwa kufuli?

"Giza linaingia, mwanangu," alisema Ajida. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mafuta hakuna mjini, pikipiki hutapata. Nenda nyumbani. Kesho tutaongea."

Fundi alikuwa ameshabonyeza namba.

Simu ya Ajida, ile ya tochi anayotembea nayo siku zote, ilikuwa juu ya sinia kando ya vikombe. Haikutikisika. Fundi akashusha pumzi. Kwa dakika nzima alikuwa amemshuku mzee wa watu bure.

Ndipo mlio ukaanza, ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

Ajida anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Hilo linajulikana na kila mtu.

Mlio wa kwanza. Wa pili. Wa tatu ukakatika katikati: mtu alikuwa amepokea. Na Fundi akaisikia sauti ya mwanamume mara mbili kwa pamoja, kwenye simu sikioni mwake na kupitia pazia:

"Ajida? Yule mtoto ameshaondoka?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO