Uigaji wa kompyuta wafichua njia za joto katika vinu vya nyuklia

MKAZI wa Changamwe huifahamu mitambo ya umeme ya Kipevu. Kipevu III, iliyoanza kazi mwaka 2011 ikiwa na uwezo wa takriban megawati 120, huchoma mafuta mazito, na zaidi ya nusu ya joto la mafuta hayo haigeuki kuwa umeme. Sharti liondolewe.

Kwa nyuklia suala hilo ni zito zaidi. Serikali ilipopendekeza kinu huko Uyombo, Kilifi, kwenye pwani iyo hiyo kaskazini mwa Kisauni, wakazi waliandamana mwaka 2024 wakihofia bahari na riziki yao. Mwaka uliofuata macho yalielekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Swali la joto, hata hivyo, huandamana na kinu popote kiendapo.

Kinu cha kawaida cha megawati 1,000 za umeme hutupa megawati 2,000 hivi za joto. Maji ya bahari yakiruhusiwa kupanda nyuzi 10 pekee, zitahitajika takriban mita 50 za ujazo kila sekunde. Maji hayo yakirudishwa yataelekea wapi? Hutegemea bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, pamoja na umbo la miamba. Hesabu iliyofanywa kwa msimu mmoja tu haimtoshi mvuvi.

Hapo ndipo uigaji huingia. Kompyuta huigawa bahari, au kinu chenyewe, katika vijisehemu vinavyoweza kufika mamilioni, kisha hukokotoa mwendo, shinikizo na joto la kila kimoja, hatua kwa hatua. Milinganyo inayotumika hubeba majina ya Navier na Stokes, wataalamu wa karne ya 19.

Ndani ya kinu, hatari haikomi kinapozimwa. Mfano wake ni makaa: sufuria ikiepuliwa, jiko bado huunguza. Mara baada ya kuzimwa, kinu huendelea kutoa takriban asilimia 6 ya joto lake, na baada ya siku moja chini ya asilimia moja. Kule Fukushima, Japani, Machi 2011, tsunami iliharibu jenereta za dharura, upoozaji ukakatika, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka.

Vinu vya kisasa zaidi vinavyobuniwa hupoozwa kwa sodiamu, risasi, heliamu au chumvi iliyoyeyushwa. Baadhi vimekusudiwa kujipooza bila pampu: kilicho moto hupanda, kilichopoa hushuka. Uigaji huonyesha iwapo mzunguko huo utatosha. Lakini sodiamu hupitisha joto upesi mno kuliko maji, hivyo kanuni zilizozoeleka kwa maji zaweza kupotosha. Kwa sababu hiyo watafiti, wakiwemo wa maabara ya Argonne karibu na Chicago waliounda programu ya Nek5000, hulinganisha hesabu zao na vipimo vya majaribio halisi. Bila ulinganisho huo, picha zenye rangi zinazotolewa na kompyuta hazistahili kutumiwa kuidhinishia kinu.