FOLIO NAMBA 41 (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Machi 2, 2023, Zuhura, mtunza kumbukumbu katika masjala ya halmashauri moja mkoani Tanga, alitiwa hatiani kwa kupokea rushwa ya shilingi 200,000 ili faili la kiwanja lililopotea "lionekane". Ndugu wakachangishana, akalipa faini ya shilingi 500,000. Siku nne baadaye mumewe, Bakari, akamletea barua ambayo tarishi wa ofisi aliiacha dukani: amefukuzwa kazi. Novemba mwaka huohuo Jaji wa Mahakama Kuu akaifuta hukumu, maana hakuna aliyeweza kueleza noti za mtego zilipita mikononi mwa nani. Zuhura akaipeleka nakala kwa ofisa utumishi. SASA ENDELEA...

"Hongera, dada Zuhura. Kaitundike ukutani," alisema ofisa utumishi, akaisukuma nakala ile kwa kidole kimoja. "Mahakama imekuondolea kesi. Kazi ulifukuzwa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi hajafuta kitu."

"Si mlinifukuza kwa ajili ya kesi hiyohiyo?"

"Ulikata rufaa Tume ya Utumishi ndani ya siku 45? Hukukata. Basi."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtumishi akishinda rufaa ya jinai hudhani mshahara, cheo na kiti vinamngoja kama alivyoviacha. Wapi! Nidhamu ina njia yake: kwa mwajiri, kisha Tume ya Utumishi wa Umma, kisha kwa Rais. Rais akishaamua, kinachobaki ni kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio, nayo si rufaa.

Zuhura hakukaa mikono kifuani. Wiki ileile ya kufukuzwa, kishoka mmoja mwenye tai na mkoba alimla laki na nusu, akampeleka Tume nyingine kabisa, ile ya Usuluhishi na Uamuzi. Walizungushana huko hadi Julai ndipo mwamuzi akasema hana mamlaka. Tangu 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma ina kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi amalize kwanza ngazi za sheria hiyo, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ilishalimaliza suala hilo katika shauri la Shirika la Posta. Kutafutwa kishoka, simu haipatikani.

Wakili Mhina wa Chumbageni ndiye aliyempa moyo. "Kubisha mlango usio wako kwa nia njema ni sababu ya kuchelewa," alimwambia. "Nitaiomba Tume ituongezee muda." Akaandika rufaa, akaipeleka. Machi 2024 majibu ya mwajiri yalifika pamoja na bunda la viambatisho, Zuhura akaitwa ofisini.

Wakili alikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya.

"Kanuni zinamruhusu mwajiri amfukuze aliyetiwa hatiani bila kuunda kamati ya uchunguzi," alisema, akifunua kurasa. "Lakini aupitie kwanza mwenendo wa kesi. Nilitegemea hawakuupitia. Wanasema waliupitia. Barua ya kuomba nakala mahakamani hii hapa, Machi 3. Barua ya kukufukuza, Machi 6. Tarehe zimekaa sawa. Sioni pa kushika."

Zuhura hakutazama tarehe. Aliyezoea masjala macho yake huanzia kona ya juu kulia, penye namba ya wino mwekundu. Kila karatasi inayoingia kwenye faili hupewa folio kwa kufuatana, na kwenye barua inayotoka namba hiyo ndiyo humalizia kumbukumbu yake. Akaivuta barua ya kwanza, akaivuta ya pili, akaziweka sambamba.

"Wakili, hii ya kuomba nakala ni folio 44."

"Enhe."

"Ya kunifukuza ni 41."

Wakili akavua miwani.

"Barua ya Machi 6 imeingia kwenye faili kabla ya barua ya Machi 3," Zuhura alisema. "Tarehe mtu huandika anayoitaka. Folio haiendi hivyo. Walinifukuza kwanza, ndipo wakaomba hukumu ya kunifukuzia."

Wakili alihesabu mwenyewe kwa kidole, mara mbili. Kisha akauliza, "Na 42 na 43 ziko wapi?"

Hazikuwamo. Bunda lilitoka 41 likarukia 44.

"Tunalihitaji daftari la dispachi la mwaka ule," wakili alisema. "Lakini sikiliza, mama. Usiliguse. Ukikutwa na daftari la serikali mkononi, umejitengenezea kesi ya pili, na hiyo hatutaifuta. Nitaiomba Tume iamuru liletwe."

Zuhura alipita dukani Ngamiani, Barabara ya 12, akamkuta Bakari akimwandikia mteja risiti ya mnyororo na pedeli za baiskeli. Bakari alisaini kama kawaida yake, B kubwa yenye mkia unaoshuka na kukata mistari miwili ya chini, akachana karatasi, akasubiri mteja aondoke.

"Wamesema nini?"

"Kuna kitu kimeonekana kwenye faili."

"Mama Asha," alisema kwa upole, "jina lako Jaji ameshalisafisha. Mwaka mzima tunalisha mawakili. Chukua mtaji ufungue genge, tulale usingizi. Hii serikali, utashindana nayo mpaka lini?"

"Mpaka inijibu."

"Kitu gani hicho kimeonekana?"

Sijui ni nini kilichomzuia kusema. Pengine ni tabia ya kazi; watu wa masjala hufundishwa kutozungumza mafaili nje ya mlango. Alisema tu kwamba wakili bado anakiangalia.

Saa moja usiku simu iliita. Alikuwa Mzee Kibwana wa masjala ya siri, mtu anayestaafu Juni na ambaye hajawahi kumpigia mtu simu bila sababu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimepewa orodha ya madaftari ya kuchomwa Jumamosi. La 2023 limo."

"Kibali cha Nyaraka za Taifa kiko wapi?" Zuhura aliuliza. Sheria Namba 3 ya 2002 aliijua: kumbukumbu za umma hazichomwi kwa orodha ya bosi.

"Kingekuwepo ningekupigia? Njoo. Uje peke yako."

Alimwambia Bakari anakwenda kumjulia hali shangazi yake Chuda. Akapanda bodaboda, akashukia Mikanjuni.

Mzee Kibwana alifunga mlango, akasogeza mkeka, akatoa kifurushi kilichozungushiwa kanga. "Wewe tazama tu. Kufunua nitafunua mimi." Zuhura aliketi, akaikalia mikono yake asije akasahau.

Kurasa zilinuka ukungu. Tarehe. Kumbukumbu ya barua. Inakokwenda. Jina na saini ya aliyepokea. Kidole cha mzee kilishuka taratibu kwenye safu ya pili, kikasimama penye PF.1187/41.

Februari 27, 2023.

Barua ya kumfukuza ilitoka nje ya ofisi siku tatu kabla hakimu hajasoma hukumu. Ilitoka ikiwa na tarehe ya wiki iliyofuata.

"Walijuaje?" alinong'ona. "Mzee, hukumu ilikuwa bado. Walijuaje kama nitafungwa au nitaachiwa?"

Mzee Kibwana hakumjibu. Alisogeza kidole hadi safu ya mwisho, kwa aliyepokea. Jina lilikuwa la Zuhura. Saini haikuwa yake. Ilikuwa B kubwa, na mkia wake ulikuwa umeshuka ukakata mistari miwili ya chini.

"Nilimkabidhi kwa mkono wangu," mzee alisema. "Alishuka kwenye gari la Mkurugenzi. Nikadhani umemtuma."

"Baba Asha alisema ni tarishi..."

"Tarishi yupi, mwanangu? Na si hilo tu lililonifanya nikuite. Folio 42, ile waliyoinyofoa, niliisoma kabla ya kuifungia kwenye faili. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, na aliyeiandika ni huyuhuyu mwenye saini. Ndani yake..."

Mlango uligongwa kwa nguvu.

"Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Bakari. "Mzee Kibwana, fungua. Najua Mama Asha yumo humo, na sikuja peke yangu."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO