MAMLAKA, BARAZA NA MKULIMA
Maelezo mafupi ya historia ya maneno ya sheria

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi zimo hesabu za mazao na picha za maghala. Sisi tumepewa kazi isiyopigwa picha, nayo ni kueleza maneno ambayo kwayo mkulima ameamrishwa, ametozwa na, mara chache, ametetewa. Aghalabu mtu akiletewa karatasi yenye muhuri hulipa kwanza. Huuliza baadaye aliyeitoa ni nani mbele ya sheria, na uwezo wake ameupata wapi.

Tuanze na diwani. Leo diwani ni mtu aliyechaguliwa kwa kura katika kata yake. Zamani katika miji ya Mrima, kama Pangani na Bagamoyo, diwani alikuwa mtawala wa mji kwa nasaba, mwenye kilemba na heshima zake, wala hapakuwa na sanduku la kura. Wadachi walipotawala walimtumia akida, wakamweka juu ya majumbe ili akusanye kodi na kupeleka amri za boma vijijini. Chini ya mpango huo watu wa kusini walilimishwa mashamba ya pamba kwa nguvu, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Waingereza walikuja na maneno mengine. Mwaka 1926, Gavana akiwa Donald Cameron, ilitungwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, na machifu wakapewa uwezo wa kutoa amri na kutunga kanuni. Tafadhali msomaji apambanue maneno hayo mawili. Kanuni ilihitaji kibali cha Serikali iliyo juu. Amri ilitoka upesi zaidi, na mkulima aliyeivunja alishtakiwa katika baraza la chifu yule yule aliyeitoa. Kwa njia hiyo watu waliamrishwa kulima mihogo ya akiba, kung'oa mabua ya pamba na kuchimba matuta. Katika milima ya Uluguru matuta hayo yalileta msiba: watu waliikataa kazi, na mwezi wa Julai 1955 pale Matombo fujo ilizuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi. Hatusemi kwamba kuhifadhi udongo ni jambo baya. Twasema kwamba wenye mashamba hawakushauriwa, na sheria ya siku zile haikumlazimisha mtu kuwashauri.

Ushirika nao haukuwa mbali na mamlaka hizo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikaandikishwa huko Kilimanjaro. Wakulima wa Uchagani walipolazimishwa kuuza kahawa yao yote kwa njia ya chama hicho, wengine walikasirika, na mwaka 1937 ghasia zikatokea. Viongozi wetu wafaa kuikumbuka habari hii kila wanapotamani amri ya Serikali iwaletee wanachama.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilileta neno halmashauri badala ya chifu mmoja. Walakini baraza lililoundwa pasipo ridhaa ya watu halikupokelewa: mwaka 1958 wananchi wa Geita walilikataa baraza la mchanganyiko wa mataifa, wakaandamana kwa maelfu hadi Mwanza. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, uwezo wa kisheria wa machifu ulifutwa, na halmashauri za wilaya zikachukua kazi zao.

Sasa tufike kwenye neno ambalo kwetu lina uzito kuliko yote. Sheria ikiunda halmashauri, au ikiandikisha chama cha ushirika, husema kwamba chombo hicho ni mtu mbele ya sheria: kina lakiri yake, chaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, nacho kina urithi wa kudumu. Maana yake ni kwamba viongozi hufa au huondoka, lakini chombo hubaki pamoja na mali na madeni yake. Maneno mazuri hayo. Hata hivyo urithi wa kudumu hudumu maadamu sheria iliyouumba haijafutwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilivutia, ila kilichokwenda mikoani kilikuwa watumishi wa Serikali Kuu. Kugatua madaraka ni jambo jingine, kwa kuwa ni kumpa mwananchi chombo anachoweza kukipigia kura na kukiuliza hesabu. Kisha tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Kazi ya kununua mazao walipewa mamlaka za mazao, kama Mamlaka ya Pamba, ya Kahawa na ya Korosho, na sehemu kubwa ya mali za vyama ikapita mikononi mwa mashirika ya umma. Basi kwa wazee wengi neno mamlaka likawa jina la mnunuzi wa pekee, asiye na mkutano mkuu wa wanachama.

Mwaka 1982 Bunge lilivirudisha vyote viwili, halmashauri na vyama vya ushirika. Sheria ya mwaka 1991 iliurudishia ushirika hiari yake, na ile ya mwaka 2013 ndiyo tunayoifuata.

Chini ya sheria za 1982 halmashauri ya wilaya yaweza kutunga sheria ndogo. Ndogo ni jina tu, maana faini yake si ndogo. Wananchi hutangaziwa kwanza wapate kutoa maoni, halmashauri huipitisha, Waziri huikubali, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Sheria ndogo ya kijiji huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Barua ya ofisa, hata ikiwa na muhuri mkubwa, si sheria ndogo. Vivyo hivyo ushuru: neno hilo kwa asili yake ya Kiarabu lilikuwa fungu la kumi, lakini mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3.

Halmashauri ikipita mpaka wa uwezo wake, yaweza kushtakiwa, na chama chetu, kwa kuwa nacho ni mtu mbele ya sheria, chaweza kuwa mdai. Ila ni lazima kwanza kitoe taarifa ya maandishi, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 muda wake ni siku 90, naye Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri. Siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye mzigo wake umesimamishwa kizuizini na mvua imekaribia. Kwa sababu hiyo twaziomba bodi za vyama vya msingi zipate nakala za sheria ndogo za wilaya zao kabla ya msimu kufunguliwa, zikiwa na namba ya tangazo la Gazeti, na makarani wa mizani wawe nazo mkononi.