Tiva Jike Naye Anaimba

Nilipokuwa kidato cha pili niliandika kwenye mtihani kwamba ndege jike naye huimba. Nikanyimwa alama mbili. Pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Dume huimba, jike huchagua." Sikubisha. Ningebisha na nini? Ushahidi wangu ulikuwa bibi yangu tu, kule Muheza.

Nyuma ya nyumba ya bibi kulikuwa na kichaka walimokaa tiva. Unamjua tiva? Ni yule ndege mweusi mgongoni, mweupe kifuani, hodari wa kujificha. Utaisikia sauti yake kama filimbi, yeye mwenyewe humwoni. Mimi nilidhani anayeimba ni mmoja. Bibi akacheka: "Hao wawili, mjukuu wangu. Mmoja anaanza, mwenziwe anaitikia. Mtu na mkewe hao."

Baada ya ule mtihani nilimwona bibi ni mtu wa hadithi tu. Hata shairi langu la kwanza nililitunga hivyohivyo: dume yuko tawini anaimba, jike katulia kiotani, kimya. Wenzangu walinipigia makofi. Leo naliona aibu shairi lile, ndiyo maana nimeifuatilia historia hii.

Tuanze na Darwin. Mwaka 1871, katika The Descent of Man, alisema madume hupendeza na kuimba kwa sababu majike huwachagua wanaovutia zaidi. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Hata Wallace, aliyevumbua naye nadharia ya uteuzi asilia, hakukubali kwamba jike anaweza kuchagua kwa kupendezwa. Kwa hiyo Darwin alimpa jike masikio na akili, ila sauti hakumpa. Na kumbe alijua! Katika kitabu hichohicho alitaja kwamba majike wa ndege kadhaa huimba, hasa wakiwa wajane. Akalitaja, akapita.

Mwaka 1943 Mwingereza David Lack alitoa kitabu juu ya ndege mdogo wa kwao aitwaye robin. Alieleza kwamba majira ya baridi jike hujishikia eneo lake mwenyewe na kulilinda kwa wimbo, sawasawa na dume. Hilo nalo likachukuliwa kama kioja cha ndege mmoja.

Basi hadithi ikafika kwetu. Miaka ya 1960, W. H. Thorpe wa Cambridge alishirikiana na Myles North, aliyekuwa amefanya kazi Kenya na kurekodi sauti za ndege wa Afrika. Wakaandika juu ya tiva: wawili wanaopokezana wimbo kwa mpango mkali, hata ukisikiliza unadhani ni koo moja. Nilipoyasoma hayo nikafunga kitabu. Yalikuwa maneno ya bibi, yamepigwa chapa Ulaya.

Sasa kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Sababu ni nyepesi. Wataalamu wengi wa mwanzo waliishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako majike wa aina nyingi hawaimbi, au huimba kwa nadra. Tena katika aina nyingi dume na jike wanafanana, hivyo akionekana ndege anaimba, huandikwa "dume", basi, kazi imekwisha. Nchi za joto, zenye ndege wengi kuliko huko, zikawa ndizo za pembeni.

Na habari ya kuchagua je? Mwaka 1996 Naomi Langmore na wenzake walichapisha utafiti wa ndege wa milima ya Pyrenees, Ufaransa. Ndege hao huishi kwa makundi, na majike hugombea madume. Watafiti walipopiga sauti ya jike kwenye spika, madume walisogea. Yaani jike aliimba, na dume ndiye aliyeitika!

Mwaka 2014 Karan Odom, pamoja na Langmore na wengine, walipitia aina 323 za ndege waimbaji. Katika asilimia 71, jike anaimba. Zaidi ya hapo, walionyesha kwamba mama wa mwanzo kabisa wa ndege hawa aliimba. Kwa hiyo swali limegeuka. Zamani tuliuliza kwa nini dume alianza kuimba. Leo tunauliza kwa nini jike, mahali pengine, aliacha.

Mwaka 2020 watafiti wengine walihesabu nani hasa ameiandika habari hii. Katika makala za wimbo wa jike, asilimia 68 ya waandishi wa kwanza walikuwa wanawake. Katika makala za nyimbo za ndege kwa jumla, asilimia 44. Sisemi wanaume hawana masikio. Nasema anayeshika kalamu ndiye anayeamua lipi ni kioja na lipi ni kawaida.

Bibi hakuijua kalamu, na hakuishi kuiona 2014. Sikumwambia kamwe kwamba alikuwa sahihi, wala kwamba nilimwuza kwa alama mbili na makofi. Lile shairi nimelichana. Naliandika upya, na safari hii nimeanzia kichakani kwake, kwa sauti mbili.