Gumba la Mwenda Jean Bosco

Ukishika njia ya kusini kutoka Baraka, ukaipita Fizi, utaingia nchi iliyoitwa Katanga. Mbali huko, Bunkeya, alizaliwa mwaka 1930 Mwenda Jean Bosco, aliyejifundisha gitaa na kuimba kwa Kiswahili cha kwao. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwaka 1952. Alipiga kwa vidole viwili tu: cha shahada kilichukua sauti za juu, na gumba likashika nyuzi nene, kazi ambayo bendi za baadaye zilimwachia mpiga besi. Wanaoianza historia ya besi ya Kongo na gitaa la umeme, kwa maoni yetu, wanalisahau gumba hilo. Vijana wa Kenya waliomwiga hawakulisahau.